Malazi katika Mji wa Kale wa Lamu: aina zake, sehemu zake na jinsi yanavyochaguliwa

Malazi, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni mahali anapolazwa mgeni kwa malipo au kwa haki ya ujamaa, ndani ya Mji wa Kale wa Lamu au katika maeneo mawili yanayoutegemea, yaani Shela na ufuo wa Manda unaoelekeana na mji. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na eneo lililoorodheshwa halizidi sana hekta 16. Sehemu kubwa ya malazi yaliyomo katika eneo hilo ni nyumba zilizojengwa kwa ajili ya familia, zikaja kugeuzwa baadaye. Kwa sababu hiyo anayechagua malazi Lamu huchagua nyumba kwanza na biashara baadaye. Idadi ya nyota na picha za kitanda chenye chandarua cheupe hueleza machache. Daka (kibaraza cha mlangoni), kiwanda (ua wa katikati), ngazi na mtaa hueleza mengi zaidi.

Wanaolala Lamu ni wa namna nyingi kuliko inavyodhaniwa. Watalii wa ng'ambo na wa bara ndio wanaotajwa kila mara, lakini upo umma mwingine usiokoma, nao ni watu wa visiwa vyenyewe. Mtu wa Mbwajumali, mji wa Watikuu ulioko upande wa mashariki wa kisiwa cha Pate, jirani na Faza, Tundwa na Kizingitini, hulala Lamu kwa sababu zake mahususi: ana mgonjwa katika Hospitali ya King Fahd, ana kesi mahakamani, anafuata karatasi katika ofisi ya serikali, au amekwenda kununua mahitaji ya arusi. Kundi la tatu ni wanaokuja kwa ibada, hasa Maulidi. La nne ni wale ambao hawakukusudia kulala kabisa, ila maji yamewawahi.

Hili la maji linahitaji maelezo, kwa kuwa ndilo linalotofautisha Lamu na miji mingi ya kale. Boti zinazotoka Faza na Kizingitini kwenda Lamu hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko pande zote mbili. Mkanda hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, chombo hukwama topeni. Saa ya safari hutawaliwa na bahari, na kila siku husogea mbele kwa kiasi cha dakika hamsini. Anayemaliza shughuli zake mchana akakuta boti imeshaondoka na maji, hana budi kutafuta pa kulala. Kwa msafiri wa aina hiyo, ukaribu na gati una thamani kuliko mandhari, na mlango unaofunguliwa alfajiri una thamani kuliko kiamshakinywa.

Malazi yenyewe yamegawanyika katika aina tano. Ya kwanza ni nyumba ya kufikia, ambapo mgeni hupokewa na jamaa, mkwe au mtu wa mji wake aliyehamia Lamu. Haina bei, lakini haina maana kwamba ni ya bure: mgeni mwenye adabu haingii mikono mitupu, na anayetoka Mbwajumali huja na samaki, nazi au chochote kilichopatikana kwao. Aina hii haionekani katika orodha yoyote ya malazi. Ni kosa kuiacha nje, kwa kuwa ndiyo kongwe kuliko zote na ndiyo inayowalaza watu wa visiwani walio wengi.

Aina ya pili ni gesti: vyumba vichache, choo cha pamoja au cha ndani, feni na chandarua, chakula hakuna. Haya ni malazi ya wenye shughuli na ya vijana wanaosafiri kwa fedha ndogo. Gesti nzuri hutambulikana kwa mambo matatu: shuka kavu, maji yasiyokatika na mwenye nyumba anayelala humo humo.

Aina ya tatu, ambayo kwa haki ndiyo sifa ya Lamu, ni nyumba ya kale iliyofanywa hoteli. Mifano inayojulikana ni Yumbe House na Jannat House katika upande wa kaskazini wa mji. Aina ya nne ni nyumba nzima inayokodishwa pamoja na mpishi na mtunzaji, mtindo ulioenea baada ya wageni wengi, Wazungu hasa, kununua na kukarabati magofu mjini na Shela. Hufaa familia au kundi la marafiki, na mtu mmoja humgharimu kupita kiasi. Aina ya tano ni hoteli ya ufuoni. Peponi iliyoko Shela, iliyofunguliwa mwaka 1967, ndiyo mama wa aina hiyo katika visiwa hivi. Hizi za ufuoni zina bahari, upepo na mikahawa yao wenyewe. Zina raha zake, lakini anayelala huko huutembelea mji wa kale tu, haishi ndani yake.

Nyumba ya mawe ya Lamu hujengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Kwa kawaida chumba hakivuki mita tatu kwa upana, hata kikiwa kirefu namna gani. Chumba kipana kupita hapo ndani ya nyumba inayoitwa ya kale ni dalili ya zege au chuma kilichoingizwa baadaye. Kuta zina unene wa kiasi cha nusu mita, na unene huo ndio unaozuia joto la mchana lisiingie. Ukarabati hupimwa kwa lipu. Ukuta wa matumbawe uliopigwa lipu ya chokaa hupumua, unyevu ukapita. Uliopigwa saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya misimu michache rangi hubabuka, unga mweupe ukamwagika juu ya mto wa kulalia. Mgeni akipitisha kiganja ukutani nyuma ya kitanda, atajua mengi kuhusu mwenye nyumba.

Sehemu za nyumba hiyo zina majina yanayoeleza kazi zake. Daka ni kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mwenye nyumba huzungumza na wapitao bila kuwaingiza ndani. Tekani ni ukumbi mdogo wa kuingilia, umepindwa makusudi ili jicho la barabarani lisifike ndani. Kiwanda ni ua wa katikati usioezekwa, chanzo cha mwanga na hewa ya nyumba nzima. Misana ni vyumba virefu vinavyofuatana kutoka kiwandani, cha nyuma kikiwa juu kidogo kuliko cha mbele. Ndani ni chumba cha mwisho, cha faragha kuliko vyote, na ukutani mwake ndimo mlimo na zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa, vilivyowekwa vyombo vya kauri. Zaidi ya hapo ipo sabule, chumba cha mgeni, ambacho huwekwa karibu na mlango au hupewa ngazi yake peke yake.

Sabule inastahili kuelezwa zaidi kidogo. Wafanyabiashara waliokuja na jahazi kwa kaskazi walikaa mjini miezi kadhaa wakingoja kusi iwarudishe kwao, na katika muda wote huo walikuwa wageni wa wenyeji wao wa biashara. Sabule ilimpa mgeni heshima yake, pahali pa kulala na kuweka bidhaa, wala haikumfikisha kwenye misana walikokaa wanawake wa nyumba. Kwa hiyo nyumba ya Lamu ilijua kumlaza mgeni kabla haijaitwa hoteli. Katika nyumba iliyogeuzwa, chumba kilichokuwa sabule mara nyingi ndicho bora kwa anayetaka kutoka na kuingia kwa uhuru, na kibaya kwa mwenye usingizi mwepesi, kwa vile kiko karibu na njia.

Vyumba vingine navyo vina hukumu zake. Chumba cha ghorofa ya chini kina ubaridi, lakini kina giza na unyevu. Zamani ghorofa hiyo ilikuwa ya ghala na ya watumwa, wala haikujengwa kwa ajili ya mwenye nyumba kukaa. Chumba kilichokuwa ndani kina utulivu mkubwa na zidaka za kuvutia macho, ila hakina dirisha, na umeme ukikatika feni husimama na hewa husimama nayo. Chumba cha juu kina upepo kuliko vyote, na juu yake kuna paa lililoezekwa makuti ambalo huwa sebule ya wageni wote. Kufika huko ni kwa ngazi za mawe zenye vipandio virefu visivyolingana. Mzee, mjamzito au mwenye goti bovu hapaswi kuahidiwa chumba cha juu kwa sababu ya mandhari. Makuti nayo hushika moto upesi, kwa hiyo pa kutokea, mbali na ngazi moja, ni jambo la kuulizwa mapema.

Choo cha nyumba ya kale kilikuwa na birika, tangi la maji lililojengwa kwa chokaa. Samaki wadogo waliwekwa humo wale viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa ya birika lilizikwa bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wabaki na kidimbwi cha kuwahifadhi. Hoteli chache zimeacha birika mahali pake kama pambo. Bomba la mvua ndilo linalotumika. Maji matamu ya mji hutoka visimani Shela, chini ya matuta ya mchanga, na hayatoshi msimu wa wageni. Nyumba yenye tangi kubwa darini ni bora kuliko yenye bwawa la kuogelea.

Mtaa ni kipimo kingine, na hapa Lamu hujigawa kwa mistari inayofuata pwani. Majengo ya mbele, yanayotazama gati, mengi ni ya karne ya 19, yenye roshani na veranda. Yana bahari, hewa na kelele za mashua. Nyuma yake upo Usita wa Mui, njia ya maduka inayopita mbele ya Ngome, ile iliyokamilika mnamo mwaka 1821 na kutumiwa kama jela hadi 1984. Kulala hapo ni kulala sokoni. Ukipanda zaidi, unaingia Mkomani, upande wa kaskazini wenye nyumba kongwe za mawe, njia nyembamba na mawikio, yaani vyumba vilivyovuka juu ya njia vikaunga nyumba mbili. Huko ndiko kwenye kimya cha mchana na vivuli. Upande wa kusini ni Langoni, wenye nyumba za udongo na makuti zilizochanganyika na za mawe, watu wengi na bei nafuu. Popote pale adhana ya alfajiri itasikika na punda watalia. Asiyeweza kuvumilia viwili hivyo atafute Manda.

Gari halifiki mlangoni kwa sababu njia hazina upana wake. Mizigo hubebwa na hamali, mkokoteni au punda. Wanaoshuka uwanja wa ndege wa Manda huvushwa kwa mashua, na wanaotoka bara kwa basi huvuka kutoka Mokowe. Nyumba iliyo ndani sana ya Mkomani inafaa mwenye begi moja.

Wakati hubadili hukumu zote zilizotajwa. Kaskazi, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, huleta hewa nyepesi, bahari shwari na bei za juu. Masika ya Aprili na Mei hufunga baadhi ya hoteli za ufuoni kabisa. Maulidi katika mwezi wa Rabiul-awwal, yanayoongozwa na Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, hujaza mji hadi barazani. Watu huja kutoka visiwa vyote, Mombasa, Zanzibar na Komoro. Kuja bila kuwa na pa kufikia siku hizo ni uzembe. Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana, na asiyefunga hana budi kuhakikisha nyumba yake ina jiko. Pombe haipatikani katika malazi mengi ya mjini, na hilo ni hali ya mji, si upungufu wa hoteli.

Uhalali wa biashara huthibitishwa kwa leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, pamoja na kibali cha kaunti. Mamlaka hiyo ndiyo inayopanga hoteli kwa nyota. Vigezo vya nyota hutazama huduma na vifaa. Havimpi mwenye nyumba hata alama moja kwa kuokoa dari ya boriti ya karne ya 18, na hapo ndipo upungufu wake kwa mji kama huu ulipo.

Bei hutajwa kwa njia mbili, ya raia au mkazi na ya mgeni wa nje, na tofauti inaweza kuwa kubwa. Bei ya gesti huzungumzwa, hasa wakati wa kusi. Malazi yanayojumuisha kiamshakinywa hutoa mahamri na mbaazi kwa nazi, au mkate na mayai kwa wanaotaka ya kwao. Chakula cha jioni hupikwa kwa aliyeagiza asubuhi, kwa sababu samaki hununuliwa siku hiyo hiyo. Anayerudi Pate kwa boti ya mapema huagana na mwenye nyumba usiku, akalipa usiku huo huo, na kuuliza ni nani mwenye ufunguo wa mlango wa daka alfajiri.