Santuri na muziki wa kidijitali nchini Tanzania

Santuri ni sahani ya muziki yenye mfereji mwembamba unaozunguka kuelekea katikati. Sindano ya gramafoni inapopita katika mfereji huo hutetemeka, na mtetemo huo hugeuzwa kuwa sauti. Muziki wa kidijitali ni sauti iliyogeuzwa kuwa namba na kuhifadhiwa katika CD, simu au kompyuta. Nchini Tanzania wasikilizaji walio wengi hutumia njia hii ya pili.

Historia

Mwimbaji Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodi santuri mjini Bombay, Uhindi, mwaka 1928. Baada ya uhuru, bendi za Tanzania Bara zilirekodi nyimbo nyingi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kwa kanda za sumaku, lakini santuri zao zilichapwa Kenya. Kwa mfano, nyimbo za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro zilitolewa kwa santuri mjini Nairobi. Mpaka wa nchi hizo mbili ulipofungwa kuanzia 1977 hadi 1983, biashara hiyo ikawa ngumu. Kaseti zilichukua nafasi ya santuri, kisha zikafuata CD na simu.

Sababu za kupendelea muziki wa kidijitali

Santuri hupinda kwa joto, huingia vumbi na huchakaa kila inapochezwa. CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, husomwa kwa mwanga bila kuguswa na sindano. Huhifadhi vipimo 44,100 vya sauti kwa sekunde.

Umeme pia ni sababu. Mji wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ulitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Simu yenye kadi ya kumbukumbu hubeba mamia ya nyimbo, na huweza kuchajiwa kwa umeme wa jua hata kijijini.

Mipaka yake

Faili za MP3 hupunguza sehemu ya sauti ili zichukue nafasi ndogo. Nakala iliyotolewa kwenye santuri iliyokwaruzwa hubeba mikwaruzo ileile. Tena, wimbo wa zamani ambao haujanakiliwa hauwezi kusikika kwenye simu; santuri au kanda yake ikitupwa, wimbo wenyewe unaweza kupotea kabisa. Kwa hiyo hata anayependelea muziki wa kidijitali anahitaji santuri na kanda za awali zitunzwe.