Uzi wa Kazi na Mkondo wa Kiini: Historia ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Yapo maneno yaingiayo katika lugha kwa kupiga hodi, na yapo yaingiayo kwa mlango wa uani. Neno "uzi", kwa maana yake ya kompyuta, ni la kundi la pili. Mshonaji analo uzi wake tangu zamani. Washabiki wa kandanda nao wakauita uzi ule unaovaliwa na timu yao, na wajadili mambo mtandaoni wakaita uzi mfululizo wa hoja na majibu. Hayo hayana madhara, kwani msikilizaji hutambua mara moja ni uzi gani unaosemwa. Taabu inaanza pale neno hilohilo linapoandikwa katika maelezo ya kichakataji cha kompyuta, likiwa na tarakimu mbele yake, na msomaji akadhani anahesabiwa vitu vilivyomo ndani ya mashine.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Mkunya, katika Wilaya ya Newala, aliyepata fedha kidogo baada ya mauzo ya korosho akataka kununua kompyuta iliyotumika, ya kufanyia kazi mchana na ya watoto kuchezea jioni. Mbele yake ziko mbili. Moja ina kichakataji cha Intel Core i3 cha mezani kilichotengenezwa kati ya mwaka 2011 na 2017, na ya pili ina Core i5 ya miaka hiyohiyo. Kwa kawaida, i3 za namna hiyo zilikuwa na viini viwili na nyingi za i5 zilikuwa na viini vinne. Lakini muuzaji ameandika katika kila karatasi "nyuzi 4", na wala hakusema uongo. Hata mfumo endeshi wa Windows ukiulizwa huonyesha visanduku vinne kwa kila mashine. Mnunuzi hana sababu ya kutozilinganisha, naye akichagua ile ya bei nafuu atakuwa amenunua viini viwili akidhani ni vinne. Kosa hilo ni la istilahi, na wenye istilahi ni sisi.

Asili ya neno ni ya zamani kuliko kompyuta za mezani. Jerome Saltzer, katika tasnifu yake aliyoiandika mwaka 1966 katika chuo cha MIT huko Marekani, alieleza kwamba jina hilo la uzi lilipendekezwa na Victor Vyssotsky. Maana iliyokusudiwa ilikuwa nyepesi: programu ina amri nyingi, na mashine inazifuata moja baada ya moja, kama shanga zilizotungwa katika uzi mmoja. Kama programu ina kazi mbili zinazoweza kwenda kila moja kwa njia yake, basi ina nyuzi mbili. Hapo uzi ni jambo la kazi. Hausemi lolote juu ya idadi ya vyombo vitakavyoifanya kazi hiyo. Mwaka uliofuata, 1967, Gene Amdahl alitoa hoja ambayo hadi leo hujulikana kwa jina lake: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka mpaka wa faida ya kuongeza vyombo.

Mwaka huohuo wa 1967 ndipo Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria. Kompyuta yenyewe ilikuwa imekwisha kufika Tanzania miaka miwili kabla, mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikalegezwa tu katika miaka ya 1980. Kwa hiyo, katika miaka ileile ambayo vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilikuwa vikiwapa watumishi wa umma istilahi za ofisi na za taaluma mbalimbali, wahandisi wa nchi nyingine walikuwa wakijenga msamiati wa kugawa kazi ndani ya mashine, na sisi hatukuwa na haja nao. Ulipotujia ulikuja wote kwa pamoja. Tulibishana sana juu ya jina la mashine nzima, kompyuta au tarakilishi au ngamizi, na viungo vyake vya ndani vikabaki bila wa kuvisemea. Hata kazi kubwa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyozaa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ilishughulika zaidi, na kwa haki, na maneno yanayoonekana kwenye kioo: faili, hariri, hifadhi, chapisha.

Wakati huo uzi ulikuwa umekwisha kubadilika maana huko ulikotoka. Mwaka 2002 kampuni ya Intel ilitoa vichakataji vyenye mbinu iliyoipa jina la biashara la Hyper-Threading, kwanza kwa mashine za seva, kisha mwezi Novemba kwa Pentium 4 ya mezani. Kuanzia hapo uzi haukuwa tena mfuatano wa amri tu. Ukawa pia mahali ndani ya kiini ambapo mfuatano huo hupokewa. Neno moja likabeba kilichomo na chombo chake.

Mbinu yenyewe yaweza kuelezwa bila hesabu. Uwanda wa juu wa Makonde hauna mito. Mvua inyeshapo, maji huzama mchangani, na kwa vizazi vingi wanawake wa Newala walishuka mabondeni kuyateka. Katika miaka ya 1950 ulianza mradi wa kuyapandisha kwa pampu kutoka mabondeni hadi juu, na chanzo cha Mitema, katika bonde la Kitangari, kinajulikana na kila mkazi wa huko. Basi fikiri bomba moja la kijiji. Anayeteka akijaza ndoo yake hana budi aiondoe, atengeneze ngata kichwani na ajitwishe, ndipo mwenziwe asogeze ndoo yake. Katika muda huo bomba limefungwa bure. Likiwekwa jukwaa dogo la kukaa ndoo mbili, huyu akishughulika na ngata yule anakinga maji. Bomba ni lilelile na nguvu ya maji ni ileile, ila muda wa bure umepungua.

Kiini cha kichakataji nacho hupoteza muda wa namna hiyo, kwa kuwa kumbukumbu kuu ya mashine iko mbali, na kusubiri data kutoka huko kwaweza kukigharimu mipigo mia moja na zaidi ya saa yake. Hyper-Threading ni lile jukwaa la ndoo mbili. Wahandisi wa Intel waliandika mwaka 2002 kwamba nyongeza hiyo haikufika asilimia 5 ya ukubwa wa kichakataji, na kwamba katika baadhi ya kazi ufanisi ulipanda hadi kiasi cha asilimia 30. Asilimia 30 si mara mbili. Na kama wote wawili wamekuja na mapipa, hakuna muda wa bure wa kuokoa. Wanabanana tu jukwaani, na kila mmoja anachelewa.

Michezo ya kompyuta ndiyo iliyolidhihirisha jambo hili kwa watu wa kawaida, kwa sababu mchezo hausubiri. Ukitaka picha 60 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 16 na ushei, na kazi yote ya picha hiyo sharti iishe ndani yake. Aghalabu ule uzi mkuu wa mchezo, wenye kupanga nani yuko wapi na nini kimegongana na nini, haugawanyiki kwa urahisi, kama alivyosema Amdahl. Uzi huo ukiwekwa kwenye kiini pamoja na jirani mwenye pupa, picha zinachelewa hata kama viini vingine vimelala. Windows 2000 ilikuwa na kasoro hiyo hasa: haikutofautisha kiini kizima na nusu ya kiini, ikaweza kurundika kazi mbili mahali pamoja na kuacha kiini kingine kitupu. Ndiyo maana wachezaji wakajifunza kuingia katika ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya mfumo endeshi kuanza, na kuizima mbinu ile.

Je, ilifaa kuizima? Jibu limebadilika kwa mashine na kwa mwaka, na hapa ndipo mfasiri anapopaswa kuwa mwangalifu asigeuze ushauri wa mahali pamoja kuwa kanuni. Mchezo wa Far Cry 4, uliotoka mwezi Novemba 2014, haukukubali kuanza katika vichakataji vyenye viini viwili visivyo na mbinu hiyo, ilhali i3 yenye viini viwilivivyo hivyo lakini yenye mbinu hiyo iliuendesha. Mwenye mashine kama ile ya kwanza ya mwalimu wetu angeizima angejinyima mchezo wenyewe. Kinyume chake, AMD ilipotoa Ryzen mwezi Machi 2017, yenye mbinu ya namna hiyohiyo, wapimaji waliona kwamba baadhi ya michezo ilikwenda kasi kidogo zaidi mbinu ikizimwa, mpaka watengenezaji waliporekebisha programu zao. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Cyberpunk 2077. Katika marekebisho ya mwezi Desemba 2020 watengenezaji wake walibadili namna mchezo unavyotumia Ryzen zenye viini 4 na 6, wakaziacha zile za viini 8 na kuendelea kama zilivyokuwa, wakisema kwamba vipimo vyao na vya AMD vilionyesha faida kwa zile ndogo tu. Mwenye mabomba mengi hahitaji jukwaa.

Mtumishi wa ofisi asidhani kwamba haya ni mambo ya watoto. Mwezi Juni 2018 watunzaji wa mfumo endeshi wa OpenBSD waliizima Hyper-Threading iwe hivyo kwa chaguo-msingi, kwa hofu kwamba kazi mbili zinazokaa katika kiini kimoja zaweza kuchunguliana siri. Mwezi Oktoba 2024 Intel yenyewe ilitoa Core Ultra 9 ya mezani yenye viini 24 bila mbinu hiyo kabisa, wakati mtangulizi wake alikuwa na viini 24 vilivyohesabiwa "nyuzi 32". Hati ya zabuni inayotaka "nyuzi zisizopungua 32" ingeikataa mashine mpya na kuipokea ya zamani kwa tarakimu isiyopima nguvu.

Rai yangu ni kwamba "uzi" ubaki kwa programu peke yake, kama alivyokusudia Vyssotsky: mchezo huu una nyuzi kumi. Kwa kile kilichomo ndani ya kiini, lichukuliwe neno "mkondo". Walimu wamekwisha kulizoea katika shule ya mikondo miwili, ambayo wanafunzi wake wanatumia maabara moja na bwalo moja, na hakuna mzazi anayedhani kwamba mikondo miwili ni shule mbili. Mbinu yenyewe, iwe ya Intel au ya AMD, iitwe "mikondo pacha", ili jina la biashara la kampuni moja lisigeuke jina la jambo lote.

Najua watakaosema kwamba mkondo ni wa umeme, na umeme upo ndani ya mashine hiyohiyo. Pingamizi hilo lina uzito kwa mwandishi wa kitabu cha fundi, naye na aandike "mkondo wa umeme" kwa ukamilifu kila mara. Wengine wamependekeza "njia", lakini njia tayari imeshikwa na mabasi ya data na anwani za faili. "Uzi pepe" nalo nimelisikia. Silipendi, kwa kuwa linarudisha palepale tulipotoka, na pia kwa kuwa hakuna kilicho cha pepe katika mahali halisi pa kupokelea amri.

Katika karatasi ya muuzaji, basi, mashine ya kwanza ingeandikwa "viini 2, mikondo 4", na ya pili "viini 4, mikondo 4", viini vikitangulia siku zote. Katika mipangilio, kitufe kingesomeka "mikondo pacha: washa au zima", na kitabu cha mwongozo kimweleze mchezaji mwenye viini viwili aiache ikiwa imewashwa, na mwenye viini vinane ajaribu kwanza, apime picha kwa sekunde katika mchezo wake mwenyewe, ndipo aamue.