Binti wa Nani? Nyayo za Irma Stern Kutoka Ruzizi Hadi Nyanza

Daraja la Ruzizi nimelivuka mara nyingi na mizigo mizito. Safari hii nilibeba bahasha moja ya kaki, na ndani yake picha ya rangi niliyochapisha dukani, kandokando ya Avenue Lumumba. Ni nakala ya mchoro wa mwaka 1946, na jina lake tukilitia katika Kiswahili ni Mwanamke wa Kitutsi Aliyevaa Nyekundu. Aliyeichora anajulikana dunia nzima, maana kazi zake alizitia sahihi na mwaka. Aliyechorwa amebaki na kabila lake na rangi ya nguo yake.

Mchoraji ni Irma Stern. Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1894 huko Schweizer-Reneke, Transvaal, Afrika Kusini, katika familia ya Wayahudi wa Kijerumani. Vita vya Waingereza na Makaburu vilipomfikisha baba yake kizuizini, familia ilihamia Ujerumani, na utoto wake ukapita njiani kati ya nchi mbili. Mwaka 1916, njaa ya Vita vya Kwanza ikiwa imeikamata Berlin, alimwona ndani ya tramu mtoto wa kike aliyedhoofika. Akamchora: macho makubwa, uso uliochoka kama wa mtu mzima. Mwalimu wake hakuupenda mchoro ule, na Irma akaachana na mwalimu. Aliyemwelewa ni Max Pechstein, mmoja wa wachoraji ekspreshonisti, watu walioamini kwamba rangi ifuate moyo hata kama jicho linakataa. Kama uso unamuumiza mchoraji, ataupaka kijani. Mwaka 1918 Irma alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Novembergruppe, kundi la wasanii lililozaliwa na mapinduzi ya Ujerumani.

Ninarudia kumfikiria yule mtoto wa tramu. Yeye pia hana jina. Mchoro wake unaitwa Mtoto wa Milele.

Stern alirudi Cape Town mwaka 1920. Maonyesho yake ya kwanza huko, mwaka 1922, yaliwachukiza watu hadi polisi wakaja kuchunguza kama picha zake zinavunja maadili. Hakurudi nyuma. Halafu ikaja 1933, na Ujerumani iliyomlea ikawa nchi ambayo Myahudi hawezi kutundika mchoro ukutani. Kazi za Pechstein mwenyewe ziliondolewa katika makumbusho kwa jina la sanaa iliyopotoka. Vita vya Pili vilipofunga barabara za Ulaya, Stern alielekeza macho huku kwetu. Mwaka 1939 alikuwa Zanzibar. Mwaka 1942 aliingia Kongo ya Wabelgiji. Sisi watu wa Bukavu tunajua vizuri jinsi vita vinavyomfungia mtu njia aliyoizoea na kumsukuma katika njia ambayo hakuipanga. Kwa hilo ninamwelewa kabisa.

Kongo aliyoikuta haikuwa imetulia. Desemba 1941, miezi michache kabla ya safari yake, askari wa koloni waliwafyatulia risasi wachimbaji wa Union Minière waliogoma Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mji wetu wakati huo uliitwa Costermansville, jina la mtawala wa Kibelgiji lililobandikwa juu ya Bukavu mwaka 1927. Vijijini watu walilazimishwa kutoa mpira na pamba kwa ajili ya vita vya wengine. Katika kitabu chake Congo, kilichotoka mwaka 1943, Stern anaitafuta Afrika nyingine, ya wafalme, ngoma na wachonga miti, kana kwamba saa ilikuwa imesimama. Nilipoliona hilo nilihuzunika, kwa sababu mkono wake uliona zaidi ya kalamu yake. Hizo nyuso alizochora hazikusimama nje ya wakati. Zimechoka na zina mashaka, na nyingine zinamkatalia kabisa anayezitazama.

Kutoka Kongo Stern alivuka hadi Rwanda, kwenye kasri ya mfalme huko Nyanza. Nami nilikwenda Nyanza ili nione mahali ambapo watu wa kasri walikaa mbele yake akiwachora. Anayetoka Bukavu anapanda gari Kamembe, anapita msitu wa Nyungwe wenye baridi inayoingia mpaka mifupani, anashukia Huye na kuendelea kaskazini. Pale Rukari wamejenga upya nyumba ya mfalme ya msonge, na ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu wanalishwa nyuma yake. Hatua chache tu kutoka hapo ipo nyumba ya Mwami Mutara III Rudahigwa, ya kuta za kisasa, iliyojengwa miaka ya 1930. Ile ya kisasa ndiyo iliyonishika. Mwami huyo alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946, mwaka ulioandikwa kwenye picha yangu, aliiweka Rwanda chini ya Kristo Mfalme. Mwanamke aliyevaa nyekundu aliishi katika nchi iliyokuwa ikibadilika kila msimu. Pengine ndiyo sababu anatazama pembeni.

Malkia wa kasri hiyo alikuwa Rosalie Gicanda, aliyeolewa na Mutara mwaka 1942 akiwa bado msichana. Mumewe alikufa Bujumbura mwaka 1959. Yeye aliishi kimya Butare mpaka tarehe 20 Aprili 1994, wauaji walipomtoa nyumbani kwake. Kaburi lake liko kwenye kilima cha Mwima, karibu na Nyanza, na jina lake limeandikwa. Nilisimama pale muda mrefu, bahasha ikiwa kwapani.

Zanzibar nilifika kwa vitabu tu. Stern alirudi huko mwaka 1945, na kutoka Unguja alichukua mbao za kuchongwa, za aina ya zile za milango ya Mji Mkongwe, akazifanya fremu. Mchoro mmoja wa mwaka huo, wa mzee wa Kiislamu, aliuita Padri wa Kiarabu. Msomaji yeyote wa pwani ataona kosa mara moja: Uislamu hauna padri. Huenda alikuwa shehe, au imamu, au mzee mcha Mungu tu. Mwaka 2011 mchoro huo uliuzwa kwa mnada London kwa zaidi ya pauni milioni 3 ukaenda Qatar. Bei ilipanda hivyo, na yule mzee akaendelea kuitwa padri.

Stern alikufa Cape Town tarehe 23 Agosti 1966, na nyumba yake ikafanywa makumbusho. Kati ya vitu alivyovikusanya Kongo kulikuwa na kigoda cha Waluba, mwanamke mwenye uso mrefu akibeba kiti kwa vidole vyake. Wataalamu wa Ulaya walitambua mkono uleule katika vigoda vingine kadhaa, wakamwita mchongaji Bwana wa Buli, kwa sababu kijiji cha Buli ndicho walichokijua. Miaka ikapita. Kisha watu wakaenda kuuliza vijijini, na wakajibiwa: Ngongo ya Chintu. Leo makumbusho makubwa yanaliandika jina hilo chini ya kazi zake. Ilitosha kwenda kuuliza kwa wenyewe.

Niliporudi Bukavu nilipita Nguba kwa mama mmoja aliyeletwa huku akiwa mtoto, na wale waliokimbia Rwanda mwaka 1959. Nilimpa picha bila maelezo. Aliisogeza dirishani, penye mwanga wa ziwa, akaiangalia kwa utaratibu kuanzia kichwani mpaka mikononi.

"Huyu ni binti ya nani?" aliniuliza.

"Mama, hawakuandika."

"Hawakuandika, ao hawakuuliza?"

Nilikosa jibu. Aliirudisha ile picha ndani ya bahasha, lakini hakunipa. Alisema niiache kwake hadi Jumapili: baada ya misa kuna wakongwe watatu wa Nyanza wanaokaa pamoja chini ya mti, na mmoja wao macho yake bado yanaona.

Niliiacha.