Yanga ya 2022/23 na Hesabu ya Bao la Ugenini

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, ukateremka mabondeni hadi Dar es Salaam, ukapita Jangwani na kumwagika katika Bahari ya Hindi. Jangwani ndiyo maskani ya Yanga, klabu iliyoasisiwa mwaka 1935. Na mtaa wa Kariakoo uliopewa jina la mto huo ndio maskani ya Simba, iliyozaliwa mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo mtu wa Msimbu, katika nchi ile ya Wazaramo, ya mihogo na mikorosho, akidai kwamba ugomvi wa mpira wa mjini umetoka kwao Kisarawe, hasemi uongo mtupu. Angalau maji yametoka kwao.

Kabla ya mpira kushika nafasi hiyo, pwani hii ilikwisha kujua kujigawa pande mbili na kushindana bila kuuana. Palikuwa na beni za Marini na Arinoti. Na visiwani vilabu vya taarabu vilitambiana kwa nyimbo na mavazi. Watani wa jadi wa Kariakoo walirithi mila hiyo. Lakini katika malumbano ya washairi, aliyeshindwa haondoki mikono mitupu: beti zake hubakia vinywani mwa watu, na pengine hudumu kuliko za mshindi. Je, mpira nao huwapa walioshindwa haki hiyo? Msimu wa 2022/23 ni mahali pema pa kuliuliza swali hilo, kwani Yanga ya msimu ule ilipata karibu kila kitu, na kilichoiponyoka ndicho kinachokumbukwa zaidi.

Tuanze na anguko dogo. Tangu Aprili 2021 Yanga ilikuwa haijapoteza mchezo wa ligi. Michezo 49 ilipita, na watu wakazoea kama wanavyozoea kusi na kaskazi. Tarehe 29 Novemba 2022, katika uwanja wa Highland Estates huko Mbarali, mkoani Mbeya, Ihefu, timu iliyokuwa ikihangaika mkiani, iliwafunga mabao 2-1. Mnyororo uliofuliwa kwa zaidi ya mwezi kumi na minane ulikatika mashambani, mbele ya mashabiki wachache, si mbele ya Simba wala katika uwanja mkubwa wa taifa. Hata hivyo Yanga ilijikusanya ikatwaa ubingwa, wa 29 katika historia yake. Fiston Mayele, mshambuliaji kutoka Kongo, alimaliza ligi na mabao 17, sawa na Saido Ntibazonkiza wa Simba, Mrundi. Hata kiatu cha ufungaji kiligawanywa baina ya watani.

Barani Afrika safari ilianza kwa mkosi. Al Hilal ya Sudan iliwatoa katika Ligi ya Mabingwa mwezi Oktoba 2022, wakaangukia Kombe la Shirikisho, ambalo wengi waliliona kama makombo ya karamu. Huko walitoka sare tasa na Club Africain nyumbani. Kisha, tarehe 9 Novemba, Stephane Aziz Ki akafunga bao pekee la mchezo wa marudiano nchini Tunisia. Bila bao lile, yote yaliyofuata yasingalikuwapo. Katika makundi walifungwa 2-0 na US Monastir, nao wakalipa 2-0 Dar es Salaam, wakaifunga TP Mazembe nyumbani na Lubumbashi, wakaongoza kundi. Robo fainali, mjini Uyo, Mayele aliifunga Rivers United ya Nigeria mabao yote mawili. Mchezo wa marudiano, tarehe 30 Aprili 2023, taa za Uwanja wa Benjamin Mkapa zilizimika na mchezo ukasimama gizani. Zilipowaka ukaendelea, na sare ya 0-0 ikatosha. Nusu fainali, Marumo Gallants ya Afrika Kusini ilifungwa nje ndani, 2-0 na 2-1.

Ni haki kutaja kwamba Simba nayo msimu huo ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikaifunga Wydad 1-0 Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 Casablanca, na kutolewa kwa mikwaju ya penalti tarehe 28 Aprili. Mji mmoja ulikuwa na vilio viwili, na kila upande uliona kilio cha mwenzake ni kichekesho.

Fainali ya kwanza ilichezwa Dar es Salaam tarehe 28 Mei 2023, dhidi ya USM Alger ya Algeria. Wageni walitangulia kipindi cha kwanza. Mayele alisawazisha dakika ya 82, na uwanja wa watu 60,000 ukatikisika. Dakika mbili baadaye wageni wakafunga tena. Hapo ndipo kombe lilipopotea, ingawa hakuna aliyejua bado. Lakini kuna jambo lililotangulia bao lolote. Milangoni, katika msongamano wa kuingia, mtu mmoja alifariki na wengine wapatao 30 wakajeruhiwa. Mayele anatajwa kwa jina na dakika yake. Aliyefia mlangoni hatajwi. Historia ya mpira huandikwa kwa majina ya wafungaji, na huo ni upungufu wake mkubwa. Yule naye alikuwa sehemu ya msimu ule, tena alilipa kiingilio kuliko mtu yeyote.

Wiki iliyofuata, tarehe 3 Juni, Yanga ilicheza Algiers. Dakika ya 7 Djuma Shaban alifunga kwa penalti. Tanzania nzima, kuanzia majumba ya mjini hadi vibanda umiza vya vijijini, ilibaki na dakika zaidi ya 80 za kuomba bao moja tu. Halikuja. Yanga ilishinda 1-0 ugenini, jambo ambalo timu nyingi kubwa hazikuliweza kule, na bado kombe likabaki Algiers. Jumla ilikuwa 2-2. Ila USM Alger walikuwa na mabao mawili ya ugenini, Yanga moja. Kanuni hii ilibuniwa ili wageni wasijifungie nyuma. Ulaya waliifuta mwaka 2021. Afrika ilikuwa bado inaitumia. Waama, ni kanuni inayosema kwamba neno lilo hilo, likisemwa katika nyumba ya mwenzio, lina uzito kuliko likisemwa kwako. Washairi wa pwani hawatashangazwa na hesabu hiyo.

Kabla ya Yanga, ni Simba tu miongoni mwa klabu za Tanzania iliyowahi kufika fainali ya Afrika: Kombe la CAF la 1993, ilipotoka sare Abidjan na Stella, kisha ikafungwa 2-0 nyumbani. Baada ya Yanga ikarudi Simba tena, mwaka 2025, katika Kombe la Shirikisho, na safari hii mchezo wa marudiano ulichezwa Unguja, Uwanja wa Amaan. RS Berkane walikuja na mtaji wa mabao mawili, sare ya 1-1 ikawatosha, na Wazanzibari wakaonja uchungu ule ule waliouonja Dar es Salaam miaka miwili nyuma. Fainali tatu, vilio vitatu, na kila mara mchezo wa nyumbani haukushindwa.

Mayele aliondoka na mabao saba, mfungaji bora wa mashindano, na baada ya msimu huo akahamia Misri. Mwalimu Nasreddine Nabi naye aliaga. Kikosi kilichoimbwa kikatawanyika kama abiria wa jahazi lililofika bandarini. Kilichobaki ni hesabu: kushinda mchezo wa mwisho na kutoka bila kombe. Mzee wa Msimbu anayemsimulia mjukuu wake msimu ule hana haja ya kuongeza chumvi. Atataja Mbarali, atataja taa zilizozimika, atataja dakika ya 82 na ya 84. Akiwa msimuliaji wa haki, atamtaja pia yule aliyekwenda kutazama mpira asirudi, kabla hajafika Algiers.