Balozi na Kilabu
Katika uchaguzi wa 1965 wagombea wawili wa TANU walishindana jimboni, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Asiyejua kusoma alimwuliza jirani. Balozi wa nyumba kumi alijua nani kafiwa na nani hajajiandikisha. Lakini kura hakuiamuru: mwaka huohuo Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa.

Makambako yetu ni njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa 1976, ilituletea wageni wasio na ukoo hapa. Vyama vingi vilipopigiwa kura 1995, naona kilabu cha ulanzi kilimshinda balozi: kule mtu alibishana bila kuandikwa jina.