Alizeti hustawi hata kwenye roshani

Wakazi wengi wa ghorofa jijini Nairobi hudhani kwamba alizeti ni mmea wa wenye mashamba pekee. La hasha. Huota hata katika ndoo, mradi jua lipatikane kwa saa sita au zaidi kila siku. Hapo ndipo penye kikwazo, kwani roshani iliyoezekwa hupata jua la asubuhi au la alasiri tu. Aliyeruhusiwa kutumia paa la jengo ana nafasi bora.

Aina fupi kama Teddy Bear, ambayo kwa kawaida haivuki mita moja, hutosheka na chombo chenye kina cha sentimita 30. Zile ndefu za mafuta huhitaji debe zima kwa kila mche. Chombo kitobolewe chini na mbegu ifukiwe papo hapo itakapokulia, kina cha sentimita 2.5, maana mzizi wake mkuu haupendi kuhamishwa. Mbegu za dukani zilizopakwa dawa zisiliwe wala kupewa kuku.

Hatari kubwa ni upepo. Mmea mrefu wenye kichwa kizito huweza kupindua chombo, na debe la udongo likianguka kutoka orofa ya nne laweza kumuua mpita njia. Liwekwe sakafuni, kamwe si juu ya ukingo, na shina lifungwe kwenye vyuma vya roshani.

Maua yaliyokomaa hutazama mashariki. Mwenye roshani ya upande huo ataona visogo tu, huku majirani wa ng'ambo wakifaidi nyuso.