Umri si Hoja: Tonje Brenna na Serikali ya Kaunti ya Viken, 2019–2021

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipofanyika Norwei mwezi Septemba 2019, Tonje Brenna wa Chama cha Leba alikuwa na miaka 31. Muda mfupi baadaye alikabidhiwa uongozi wa serikali ya Viken, kaunti mpya yenye wakazi zaidi ya milioni 1.2, karibu robo ya Wanorwei wote. Kwa wanaharakati wa nafasi za vijana katika siasa, habari inaishia hapo: Norwei imewafungulia vijana mlango, na wengine tuige. Wakosoaji wa Norwei kwenyewe husimulia vingine. Mwanasiasa aliyelelewa na jumuiya ya vijana ya chama, akapanda ngazi bila kuonja kazi nyingine, wao humwita broila: kuku wa bandani aliyenenepa kwa chakula cha chama.

Nadai kwamba pande zote mbili zinamtazama mtu na kuusahau mfumo. Wanaosifu wanaukweza umri na wanaobeza wanayakweza malezi. Wote wanaliruka swali la msingi kuhusu Viken: kiongozi yule alipewa kiti na nani, angeweza kunyang'anywa na nani, na alipokikalia alikuwa na uwezo wa kuamua nini?

Kuhusu uhaba wa vijana madarakani hakuna ubishi mkubwa. Daniel Stockemer na Aksel Sundström, katika kitabu chao cha 2022, wameonyesha kwamba watu wazima vijana ni wachache mno mabungeni na katika mabaraza ya mawaziri duniani kote. Hilo nalikubali. Nisichokikubali ni desturi iliyojengeka katika taaluma hii ya kuhesabu vichwa na kuviita uwakilishi. Kijana anayeongoza baraza lisilo na fedha na kijana anayeongoza wizara huhesabiwa sawa. Hata Norwei yenyewe imewahi kuwapa tahadhari wenye haraka: iliporuhusu vijana wa miaka 16 na 17 kupiga kura katika baadhi ya manispaa kwa majaribio mwaka 2011, Johannes Bergh aliwachunguza na hakuona kwamba haki hiyo peke yake iliwapevusha kisiasa. Wanaoinukuu Norwei kama mfano wa kuigwa huupitia utafiti huo kimyakimya.

Sasa tuuangalie mfumo, maana ndipo penye ushahidi ninaouamini zaidi. Kwa desturi, manispaa na kaunti za Norwei huongozwa kwa utaratibu unaotokana na sheria za 1837. Viti vya kamati ya utendaji hugawanywa kwa vyama kwa uwiano, hata wapinzani hupata vyao, na shughuli za kila siku huwa mikononi mwa mtendaji mkuu wa kuajiriwa. Katika utaratibu huo kiongozi wa kisiasa ni mwenyekiti kuliko mtawala. Njia ya pili ni ya kibunge. Oslo iliianza mwaka 1986, na Nordland ikawa kaunti ya kwanza kuifuata mwaka 1999. Hapa wenye wingi katika bunge la kaunti huunda serikali, kila mjumbe hushika idara yake, na serikali nzima huanguka ikipigiwa kura ya kutokuwa na imani. Anayeingia serikalini hukiacha kiti chake cha bunge kwa muda huo na naibu hukikalia. Wala si sharti awe alichaguliwa kuwa mbunge wa kaunti. Zaidi ya hayo, bunge haliwezi kuvunjwa kabla ya miaka 4 kwisha, hivyo serikali ikianguka hakuna kurudi kwa wananchi. Waliomo humo humo ndio watakaotafuta nyingine.

Viken ilichagua njia hiyo ya pili, na uamuzi huo una uzito kuliko umri wa yeyote aliyenufaika nao. Kiongozi wa namna hii hahitaji kura za jina lake, wala fedha za kampeni, wala ukoo. Anachohitaji ni vyama vinne vikubali kuketi meza moja kila wiki bila mmoja kuondoka. Vyama hivyo vilikuwa Leba, Chama cha Kati, Chama cha Kisoshalisti cha Kushoto na Chama cha Kijani. Chama cha Kati huwasemea wakulima na watu wa mikoani wanaotegemea magari, ilhali Chama cha Kijani kingependa magari hayo yapungue. Kuviweka pamoja ni kazi ya katibu, na Brenna alikuwa amewahi kuwa katibu mkuu wa AUF, jumuiya ya vijana ya Leba. Wenye neno lao la broila wameitaja shule aliyosoma. Walichokosea ni kudhani shule hiyo haifundishi kitu.

Angalia pia nani alipewa nini. Nchi nyingi huwapa vijana kiti cha heshima na wakongwe wakabaki na madaraka. Viken ilifanya kinyume. Uenyekiti wa bunge, wenye mkufu na sherehe zake, ulikwenda kwa Roger Ryberg, mkongwe aliyekuwa ameiongoza Buskerud, mojawapo ya kaunti zilizounganishwa kuwa Viken, na utendaji ukaenda kwa mwanamke wa miaka 32.

Lakini utendaji wa nini? Hapa wanaosifu hunyamaza. Kaunti ya Norwei husimamia shule za sekondari ya juu, mabasi, barabara za kaunti, huduma ya meno na mambo ya utamaduni. Hospitali zilichukuliwa na serikali kuu mwaka 2002. Kodi ya kaunti ina kiwango cha juu kinachowekwa na Bunge la taifa, na kaunti zote hutoza kiwango hichohicho. Bajeti lazima ilingane, na anayeshindwa huingizwa katika rejista ya ROBEK, kisha haruhusiwi kukopa bila kibali. Mwanasiasa wa mrengo wa kushoto ambaye hawezi kupandisha kodi wala kupitisha bajeti ya nakisi amebakiwa na nafasi finyu ya kuwa wa kushoto.

Tarehe 12 Machi 2020, Viken ikiwa haijatimiza miezi mitatu tangu ianze kazi rasmi, serikali kuu ilitangaza kufungwa kwa shule zote nchini kwa sababu ya korona. Shule za sekondari ya juu zilikuwa mali ya kaunti, walimu wake waliajiriwa na kaunti, na amri ilitoka juu. Mitihani ya maandishi ya majira yale ilifutwa, nayo kwa uamuzi wa serikali kuu. Mabasi yaliendelea kutembea karibu matupu. Na hata mabasi hayo hayakuwa ya mfumo mmoja: abiria wa upande wa Akershus alisafiri na Ruter, kampuni ambayo Oslo ina asilimia 60 ya hisa zake; wa Buskerud alipanda ya Brakar; wa Østfold alikuwa na shirika lake. Kaunti moja, mipango mitatu ya usafiri. Ofisi zenyewe zilikuwa Drammen, Sarpsborg na Oslo, na Oslo, kwa taarifa ya msomaji, haikuwa sehemu ya Viken.

Kasoro hizi zilikuwa na chanzo. Viken ilizaliwa na mageuzi ya serikali ya Erna Solberg, Waziri Mkuu wa wakati huo, yaliyopunguza kaunti hadi 11, kwa kuziunganisha Akershus, Buskerud na Østfold, ambazo hazikuwa na hamu ya ndoa hiyo. Vyama vinne vilivyoishika serikali yake vilitaka ivunjwe. Brenna basi alikabidhiwa chombo ambacho wenye kumkabidhi walikusudia kukizika. Sina hati ya kuthibitisha kwamba wakongwe walikikwepa kiti hicho kwa sababu hiyo, lakini ni vigumu kuamini kwamba jambo hilo halikupunguza foleni.

Yapo maelezo mengine, na yana mvuto. Brenna alikuwepo kisiwani Utøya, kwenye kambi ya AUF, tarehe 22 Julai 2011, siku ambayo watu 69 waliuawa pale, na waandishi wengi husoma kila hatua yake kupitia siku ile. Naiheshimu historia hiyo, ila kama sababu haitoshi. Walionusurika ni mamia, na wengi wao hawakushika cheo chochote.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba matokeo yananisuta: Oktoba 2021 Brenna alikuwa Waziri wa Elimu katika serikali ya Waziri Mkuu Jonas Gahr Støre, kwa hiyo kaunti ilimlea kijana akafika juu. Ni kweli. Ila siku ileile aliyoapishwa yeye, Anne Beathe Tvinnereim wa Chama cha Kati, mjumbe wa serikali hiyohiyo ya Viken, aliapishwa kuwa Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa. Tvinnereim alizaliwa 1974. Kama daraja liliwavusha wote wawili, umri haukuwa nauli yake. Tena wizarani ndiko kilikoonekana kile ambacho Brenna alitoka nacho Viken. Serikali ya Solberg ilitaka kuzilazimisha kaunti zote kuwaruhusu wanafunzi kujichagulia shule za sekondari ya juu. Chini ya Brenna uamuzi ulirudishwa kwa kaunti zenyewe. Huo ni msimamo wa mtu aliyewahi kupokea amri kutoka juu, na pengine ndio sera ya kushoto iliyo dhahiri kuliko zote alizopata nafasi ya kuzitekeleza kuhusu kaunti.

Bunge la Viken liliamua mwezi Februari 2022 kuomba kaunti ivunjwe, kwa kura 49 dhidi ya 38, na tangu tarehe 1 Januari 2024 kaunti hiyo haipo. Nawaomba watafiti watakaoendelea kuiorodhesha katika majedwali yao ya vijana madarakani waongeze safu mbili kando ya umri: nani angeweza kumwondoa kiongozi huyo, na ni fungu lipi la bajeti aliloweza kuligusa bila idhini ya serikali kuu.